Kuwinda bila kampuni katika misitu ya magharibi mwa Tanzania: jibu kwa msomaji

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam, mwenye raifo yake halali ya kaliba (ukubwa wa risasi) .30-06, ameniandikia kwamba yeye na wenzake wawili, mmoja Mtanzania na mwingine binamu yake mwenye pasipoti ya Oman anayeishi Muscat, wanataka kuingia katika misitu ya miombo iliyo kati ya Tabora na Mpanda mwezi Septemba. Wamepanga kukaa wiki mbili, wapige nyati mmoja na swala kadhaa, na hawataki kukodi kampuni wala mwindaji bingwa, yaani mwindaji wa kulipwa anayeongoza wateja. Anauliza wachague eneo gani, vibali gani vinahitajika, wabebe silaha gani, na wajiandae vipi.

Ndugu yangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Jambo unalolitaka linawezekana kisheria kwa Mtanzania, na kwa hilo umejaliwa kuliko jirani zetu wa Kenya, ambako uwindaji wa aina hii ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimeona kwamba karibu maswali yote uliyoyauliza ni ya kabla ya risasi kutoka, na hukuuliza hata moja kuhusu saa na siku zinazofuata. Mtu anayelipa kampuni hulipia hasa hayo ya baadaye: kuna mtu wa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, wa kuokoa nyama isioze, wa kujua kama mko ndani au nje ya mpaka, na wa kumfikisha hospitali atakayeumia. Mkienda wenyewe, kazi zote hizo ni zenu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni kwamba uipange safari hii kwa kuanzia mwisho wake. Jiulize kwanza mnyama akishaanguka mtafanya nini naye, kisha rudi nyuma hadi kwenye bunduki, eneo na tarehe.

Nianze na binamu yako, kwa sababu suala lake halina mjadala. Mgeni asiye mkazi haingii katika uwindaji wa wenyeji. Akitaka kuwinda Tanzania, njia yake ni uwindaji wa kitalii, yaani ndani ya kitalu (eneo la uwindaji) kilichogawiwa kampuni, akiwa na kibali chake na mwindaji bingwa mwenye leseni pembeni yake. Anaweza kuja kukaa nanyi kambini akiwa hana silaha, iwapo mamlaka za eneo zitaarifiwa na kukubali, lakini usimwazime bunduki yako hata kwa risasi moja ya kujaribu. Bunduki hiyo umemilikishwa wewe kwa jina lako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mnyama atakayeanguka kwa mkono wa binamu yako atakuwa ameuawa bila leseni, hata kama leseni yako imo mfukoni. Mweleze hivyo sasa, kabla hajakata tiketi.

Kuhusu eneo, naomba uwe mwangalifu sana na habari za wazee na ramani za zamani. Miaka ya hivi karibuni mipaka ya magharibi imebadilika mno. Pori la Akiba la Ugalla, ambalo wawindaji wengi wa Tabora bado wanalitaja kwa mazoea, liligawanywa, na tangu mwaka 2019 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, mahali ambapo kuwinda ni marufuku kabisa.  Huko unakokwenda kuna pia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kuna mapori ya akiba, kuna misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna hifadhi za jamii, na kuna maeneo ya wazi, yaani yaliyo nje ya hifadhi hizo. Mtu aliyesimama chini ya mti wa mtundu au mninga haoni tofauti yoyote kati ya maeneo hayo, kwa sababu miti ni ileile na ardhi ni ileile. Kisheria, hata hivyo, hatua mia tano zinaweza kukutoa kwenye uwindaji halali na kukuingiza kwenye ujangili.

Leseni ya mwenyeji hutolewa kwa eneo linalotajwa, kwa wanyama wanaotajwa kwa aina na idadi, kulingana na mgao uliowekwa kwa mwaka huo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mara nyingi eneo hilo huwa ni eneo la wazi. Usianze kwa kuchagua pori halafu ukatafuta leseni. Anza kwa kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa ofisi ya kanda ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, uulize mgao wa mwaka huu uko wapi na una wanyama gani. Yeye ndiye atakayekueleza pia askari gani wa wanyamapori atafuatana nanyi na viongozi wa kijiji gani muripoti kwao. Wapo wawindaji wanaomwona askari huyo kama mzigo. Mimi namwona kama mtu wa maana kuliko wote kambini, maana ndiye shahidi wenu kwamba kila kilichofanyika kilifanyika kwa haki.

Ukishapewa eneo, omba alama za mipaka yake uziingize katika kifaa cha GPS, na ujiwekee sheria yako mwenyewe ya kutompiga mnyama yeyote aliye ndani ya kilomita 2 kutoka mpaka wa hifadhi ya taifa. Sababu ni kwamba kongoni aliyepigwa vibaya hukimbia kilomita hizo bila shida, na akishavuka mpaka huwezi kumfuata na bunduki mkononi. Utabaki kuripoti kwa askari wa hifadhi na kusubiri, huku mnyama anateseka upande wa pili.

Sasa nije kwenye nyati, ambaye nakuomba umwondoe katika mpango wa safari hii. Raifo ya .30-06 ni bunduki nzuri kwa swala, tohe, ngiri na kongoni, lakini haitoshi kwa nyati: kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa wanyama hatari ni kaliba .375. Hata ukipata bunduki hiyo na kibali chake, hoja yangu iko palepale. Dume la nyati lina kilo 600 na zaidi. Akianguka vizuri, nyama yake bila mifupa haitapungua kilo 200, na mtu mmoja hawezi kubeba zaidi ya kilo 20 au 25 akitembea porini kwenye jua. Hiyo ni mizigo minane hadi kumi ya watu, na ninyi ni watatu na askari. Kongoni dume, mwenye kilo 150 hivi, atawapa nyama ya kilo 50 au zaidi kidogo, ambayo kikosi chenu kinaweza kuitoa kwa mkupuo mmoja ikafika kambini kabla ya adhuhuri. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kuamua, na bado sijasema kitu kuhusu nyati aliyejeruhiwa.

Nyati aliyejeruhiwa ndiye anayewaua wawindaji wanaokwenda wenyewe. Hukimbia mita mia kadhaa, akaingia kichakani, mara nyingi akazunguka na kurudi karibu na njia aliyopita, kisha akasimama kimya. Anayemfuata huwa ameinamisha macho kwenye damu, na humwona akiwa hatua kumi kutoka kwake. Watu wenye uzoefu humfuata wawili wawili: mmoja anasoma nyayo, mwingine hatazami chini hata kidogo, kazi yake ni kuangalia mbele na pembeni bunduki ikiwa tayari. Sheria inakutaka umfuatilie mnyama uliyemjeruhi kwa kila njia iliyo ndani ya uwezo wako, na ikishindikana, uripoti haraka mnyama hatari aliyeachwa na jeraha, kwa sababu anayeweza kukutana naye kesho ni mtoto aliyetumwa kuni. Kikosi kisicho na traka wa kweli, yaani msoma nyayo, hakina haki ya kuanzisha jambo hilo.

Kwa hiyo kodi traka. Najua umeandika kwamba hutaki mtu wa kuwaongoza, na ninaielewa furaha ya kujitafutia mwenyewe, lakini traka wa kijijini hakuondolei furaha hiyo. Uamuzi wa kupiga unabaki wako. Mtafute kupitia serikali ya kijiji, awe mtu anayejulikana na afisa wanyamapori, mkubaliane ujira mbele ya mashahidi, na ulipe kwa siku, si kwa mnyama. Ukimlipa kwa mnyama, unamfundisha kukuharakisha upige.

Atakufundisha mengi ambayo hayamo katika maandishi yangu, lakini haya machache yajue kabla ya kwenda. Mfukoni weka kifuko cha kitambaa chembamba chenye majivu yaliyochekechwa, ukitikise mara kwa mara: vumbi lake hukuonyesha upepo unakwenda wapi, na katika miombo ya asubuhi upepo hugeuka bila taarifa jua linapoanza kupasha ardhi. Ukishapiga, usikimbilie. Simama palepale, mwonyeshe mwenzako mti au kichuguu kilichokuwa karibu na mnyama, ndipo mwende taratibu mkatafute damu ya kwanza. Damu nyekundu angavu yenye mapovu madogo ni ya mapafu, na mnyama huyo kwa kawaida hafiki mbali. Subirini kama robo saa, mfuate. Damu nzito nyeusi yaelekea ni ya ini, na inataka subira ndefu zaidi. Ukikuta majimaji yenye rangi ya kijani na harufu ya majani yaliyosagwa, umepiga tumbo. Hapo kaeni chini saa nzima au mbili, ingawa moyo utawasukuma kwenda, kwa sababu mnyama wa tumbo akiachwa atalala karibu, na akishtuliwa atakwenda kilomita nyingi. Kila mnapoona tone, funga kitambaa au karatasi kwenye kijiti. Mkipoteza damu, geukeni mtazame ule mstari wa vitambaa, nao utawaonyesha mwelekeo wake.

Kutokana na hayo kunakuja kanuni ya saa. Kuwinda usiku ni kosa, na Mpanda jua la Septemba huzama muda mfupi kabla ya saa moja jioni. Mnyama aliyepigwa saa kumi na mbili jioni hufuatwa kesho yake, na kufikia kesho fisi amemaliza. Msipige chochote baada ya saa kumi jioni. Asubuhi ndiyo saa yenu: tokeni kambini kukiwa na mwanga wa kutosha kuona nyayo, na ifikapo saa nne, jua likishakuwa kali, mkiwa hamjapata, rudini.

Angalia vilevile kilicho nyuma ya mnyama. Misitu hii haina watu kwa macho tu. Mikoa ya Tabora na Katavi ni nchi ya asali, na mizinga hutundikwa mbali sana na vijiji. Mrina asali anaweza kuwa juu ya mti katika mstari wa bunduki yako, kimya, kwa sababu kazi yake inataka kimya. Risasi ya raifo husafiri kilomita kadhaa. Mnyama akiwa juu ya mgongo wa kilima na nyuma yake kuna mbingu tupu, usipige.

Septemba umechagua vizuri, nami ningesogeza mwanzo hadi katikati ya Agosti kama kazi zenu zinaruhusu. Mwezi Julai nyasi za miombo bado ni ndefu na huoni mnyama mpaka umkanyage. Baada ya mioto ya kiangazi kupita, majani mabichi huchipua kwenye mbuga zilizoungua, na palahala, korongo (swala mkubwa, si ndege), kongoni na tohe huja kuyala. Kufikia mwisho wa Oktoba joto ni kali, maji yamebaki mabwawa machache, na mvua za Novemba zikitangulia hata kidogo, gari lenu litazama kwenye udongo mweusi wa mbuga na hamtatoka.

Maji ya kunywa pangeni lita 5 kwa mtu kwa siku, na kiasi kingine kama hicho kwa kupikia na kunawa, mkiyabeba kutoka mjini au mkiyachemsha kikamilifu. Msipige kambi kwenye bwawa lenyewe, maana wanyama wa eneo zima wanalitegemea, na kuwavizia wanyama majini hairuhusiwi.

Nyama sasa. Mnyama akianguka mpasueni ndani ya nusu saa, mtoe matumbo, mmfungue kifua apate hewa, na mmweke kivulini. Joto lililobaki katika paja nene ndilo linaloozesha nyama kutokea ndani kwenye mfupa, na kwa nje huwezi kuliona. Kwa hiyo toa mfupa kwenye paja mapema. Kambini kata vipande virefu vyembamba kwa kufuata nyuzi za nyama, visizidi unene wa kidole gumba, vipake chumvi, na kuvianika kwenye kamba kivulini penye upepo. Hewa kavu ya Agosti na Septemba hufanya kazi hiyo kwa siku tatu au nne. Nzi wakiwa wengi, tengeneza uchaga juu ya makaa hafifu na uongeze moshi. Mnyama mliyemkuta amekufa mwenyewe msimguse, hata akionekana amekufa muda huohuo, kwa kuwa kimeta kipo katika wanyamapori wetu na huwaua watu wanaochuna mizoga.

Ukumbuke pia kwamba kisheria kila kipande cha nyama hiyo, pamoja na ngozi na pembe, ni nyara, na uhalali wake unatokana na karatasi. Jaza leseni palepale mnyama anapoanguka, kabla ya kuchuna, askari akiwapo. Nakala ya leseni isafiri ndani ya gari lilelile linalobeba nyama. Mtu anayekamatwa na nyara za Serikali asizoweza kuzieleza anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 20, hata 30, na kisingizio cha karatasi iliyosahaulika kambini hakitamsaidia barabarani. Leseni yako haikupi ruhusa ya kuuza nyama. Kuwagawia wanakijiji waliowapokea ni jambo jema, ila lifanyike hadharani, kwa kumshirikisha mwenyekiti wa kijiji, ili asije akakutwa mzee wa watu na paja la kongoni asilojua kulieleza.

Kuhusu afya, watu wengi huogopa simba na kumsahau mbung'o. Misitu ya magharibi, hasa upande wa Urambo, Kaliua na Kigoma, inajulikana kwa malale, ugonjwa anaoueneza nzi huyo. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na pia huvutwa na gari linalotembea. Acheni nyumbani suruali zote za jinzi. Vaeni kaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu, kitambaa kizito kiasi, kwa sababu chembamba wanakipenya. Malale ya kwetu huenda haraka kuliko yale ya Afrika Magharibi. Homa huanza ndani ya siku au wiki chache baada ya kuumwa, wakati mwingine kukiwa na kidonda kilichovimba mahali pa kuumwa. Yeyote kati yenu akipata homa baada ya kurudi, amwambie daktari alikuwa porini na wapi, na kipimo cha malaria kikitoka bila vimelea aombe damu yake itazamwe kwenye hadubini kwa ajili ya malale. Madaktari wa Dar es Salaam ni hodari, lakini hawawezi kukisia safari usiyowatajia.

Kwa hesabu ya siku zenu chache, hatari ya ajali ya bunduki na kisu ni kubwa zaidi. Chukueni bandeji za kukaza damu, na wote watatu mjifunze kuzitumia kabla ya kuondoka, si kusoma karatasi yake damu ikiwa inatoka. Kwa aliyeumwa na nyoka, awe kifutu au koboko, mlaze, asitembee, ondoa pete na saa, na mpelekeni hospitali. Msichanje wala kunyonya. Mtandao wa simu hukatika mara tu mnapoacha barabara kuu, kwa hiyo ulizeni mapema kuhusu kibali cha kifaa cha setilaiti, na mjiandikishe katika huduma ya ndege za wagonjwa kama ile ya AMREF, mkiwa mmeshaandika mahali gani karibu na kambi kuna uwanja ambapo ndege ndogo inaweza kutua.

Wiki mbili zinatosha kama hutazihesabu zote kuwa za kuwinda. Toa siku mbili za kuripoti wilayani na kijijini, mbili za kutembea bila kupiga chochote ili mlijue eneo, njia za wanyama na mipaka, na nne za mwisho za kukausha nyama, kukaguliwa na kurudi. Zinabaki siku sita. Kwa kongoni mmoja, swala pala wawili na ngiri, ikiwa mgao utawaruhusu, siku sita za asubuhi zinatosha kwa watu wanaotembea taratibu.

Barua ya kwanza iandike wiki hii kwa afisa wanyamapori wa wilaya mnayoilenga. Taja majina yenu kama yalivyo kwenye leseni za bunduki, kaliba na namba za silaha, tarehe mnazozitaka na mbadala wake, kisha uliza mambo matatu: mgao wa wenyeji upo kwa wanyama gani, eneo la leseni linapakana na nini kila upande, na askari gani anaweza kupangwa katika tarehe hizo. Akikujibu kwamba mwaka huu wilaya yake haina mgao, mwombe akuelekeze wilaya nyingine, wala usikubali mtu yeyote wa pembeni atakayekuambia kuna njia ya kuingia bila hiyo.